Maji Tuliyoyalaza kwa Karanja Muuza Mafuta

Siku tulipofungua mitungi ya akiba uani kulikuwa na watu wengi, lakini wa kutajwa ni hawa. Nilikuwepo mimi, Rasoa, ambaye mtaa mzima wa kwa Njenga uliniita Mama Kageha, muuza maji na mtunza maji ya chama cha kina mama. Alikuwepo Wanjiru, yaani Mama Njoki, jirani yangu wa ukuta mmoja, muuza sukuma wiki, mwanamke ambaye mdomo wake uliamka asubuhi kabla yake. Alikuwepo Karanja muuza mafuta ya taa, ndugu ya mume wa Mama Njoki, kwa hivyo shemeji yake, na stoo tulimolaza mitungi ilikuwa ya huyo Karanja. Alikuwepo Nafula, mke wa kijana mmoja wa kiwanda cha misumari, na mgongoni mtoto wake wa kike, Nekesa, mwaka mmoja na miezi kidogo. Alikuwepo Priskila, mke wa fundi wa viatu, mwenye mimba changa. Ambaye hakuwepo, na ndiye aliyepaswa kuwepo, ni Mzee Elijah, binamu ya marehemu mume wangu na mwalimu wangu wa kazi hii. Yeye alikuwa kijijini kwetu, Maragoli, ameenda kumzika kaka yake, na mazishi yakazaa kesi ya shamba, akakaa huko miezi minne. Kama angekuwepo, nisingekuwa na jambo la kuwaandikia.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisa hapa mtaa wa Fedha, mliokuja kwangu Jumapili mkiwa watano. Mlisema, "Niaje, shosho," nami nyanya yenu nikajibu, "Poa," mkacheka kama watu walioona mbuzi amesoma gazeti. Mkaniambia mnatengeneza mikoba ya dharura, kila nyumba iwe na tochi, bandeji, biskuti na maji ya kunywa. Bandeji mnazijua. Maji mkasema, "Si ni kujaza tu chupa na kuweka chini ya kitanda?"

Si kujaza tu. Nilisoma hadi darasa la tatu, mwandiko wangu mtauvumilia, lakini jambo hili nimeona niliandike kuliko kulisema, kwa sababu mambo ya kusemwa husikizwa na sikio moja huku la pili likisikiza simu.

Niliingia kazi ya maji kwa sababu mlango wangu ulikuwa karibu na bomba. Hakuna sababu nyingine. Mwenye ploti alinipa ufunguo wa koki akaniambia niwapimie watu, na mimi nikadhani kupima maji ni kazi ya mikono. Mzee Elijah ndiye aliyenifundisha kwamba ni kazi ya pua na ya macho. Yeye alikuwa mwosha mapipa katika kiwanda cha sharubati, Industrial Area, na alipenda kusema hivi: "Shemeji, maji hayaozi. Chombo ndicho kinachooza, kisha kinayasingizia maji."

Alinifundisha kuchagua mtungi. Ule wa manjano uliokuwa na mafuta ya kupikia, huo chukua. Mtungi usiojua ulibeba nini, hata ukipewa bure na mtu anayekupenda, usiutie maji ya kunywa. Sisi tulikaa karibu na viwanda, mitungi ya bure ilikuwa mingi, ya buluu, mizuri, yenye vifuniko vya kukaza, na ndani yake kulikuwa na vitu ambavyo hata panya alikuwa anavizunguka. Mtungi mzuri unauosha kwa maji moto na sabuni, unatia kokoto safi viganja viwili, unautikisa kama mtu aliyekasirika, unasuuza mara tatu. Kisha unaujaza, unauacha juani kutwa, jioni unanusa. Ukinuka kitu, chochote, utakuwa wa kufulia.

Kosa langu la kwanza mtalicheka. Kwetu, mtu akitoka mtoni na maji kichwani huweka tawi la majani juu ya maji ili yasirukeruke na kumwagika. Mama yangu alifanya hivyo, na nyanya yangu. Basi nilipoambiwa niweke mitungi mitano ya akiba, nikatia majani ya mpera ndani ya kila mmoja, nikafunga, nikajisifu. Baada ya wiki mbili Mzee Elijah akafungua, akachungulia, akanitazama.

"Shemeji, hii ni akiba ya maji au umepika mboga?"

"Ni majani ya kutuliza maji."

"Yametulia. Yametulia mpaka yamekufa."

Kwa hivyo jifunzeni: maji ya kubeba na maji ya kulaza yana sheria tofauti. Ya kulaza hayataki kitu ndani ila dawa. Ile dawa nyeupe ya kufulia, isiyo na manukato ya maua, tulitia matone arobaini kwa mtungi wa lita ishirini, hiyo ni kama nusu kijiko cha chai kasoro kidogo, kisha tukangoja nusu saa. Siku hizi nguvu ya dawa inatofautiana, basi someni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, au mwulizeni muuguzi. Jaza mpaka mdomoni, usiache hewa icheze ndani. Weka juu ya ubao, si juu ya sakafu. Weka gizani, maana jua likipenya kwenye plastiki linaotesha ukijani. Andika tarehe. Na usichovye kikombe, mimina. Mkono wa mtu una safari nyingi.

Sasa niwaambie kwa nini chama chetu kilianza akiba, ndipo mwelewe siku ile.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini moto ulitokea safu ya nyuma yetu, saa tisa ya mchana. Wale wanaojua nyumba za mabati zilizobanana wanajua moto ule unavyokimbia. Tulimwaga kila tone. Maji ya bomba, ya kufulia, ya kunywa, hata uji wa mtoto wa mtu ulimwagwa. Moto ukazimika, na bomba letu la plastiki lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa. Tukaketi mbele ya majivu yaliyolowa, na watoto wakalia kiu. Hebu fikirini, majivu yanatiririka maji na mtoto hana la kumeza. Mama Njoki akasema, "Tumezima moto tukajizima na sisi."

Basi tukakubaliana. Kina mama thelathini, mitungi thelathini, kila mmoja na wake, ikae pamoja chini ya mkono wangu, isiguswe kwa moto wala kwa kufua wala kwa matanga. Ni ya kunywa siku maji yasipokuwepo. Na tukaweka sheria moja ambayo ni ya kwetu Maragoli, na Mama Njoki akasema na kwao Kikuyu ipo: anayewakaribisha watu kinywaji hunywa kwanza yeye, wakimwona. Siku ya kufungua, mtunza maji angekunywa kikombe cha kwanza mbele ya wote.

Miaka ya mwanzo tuliiweka katika chumba cha nyuma cha kanisa. Kila mwezi Mzee Elijah alinilazimisha tuyamwage, tuoshe, tujaze upya. Nililalamika sana. Mgongo wangu mpaka leo unalijua jina lake.

Kisha paa la chumba kile likaanza kuvuja, kanisa likataka kukitengeneza, na ikawa ndiyo wiki Mzee Elijah alipoondoka kwenda kuzika. Tukatafuta pa kuhamia. Karanja akasimama katikati ya mkutano wa kina mama, amevaa koti, akasema, "Stoo yangu ina sakafu ya saruji. Imeinuka, mafuriko hayaifikii. Mlango ni wa chuma. Leteni maji yenu, sitaki hata shukrani."

Tukapiga makofi. Kila mtu aliyeitazama stoo ile aliona mlango. Hakuna aliyeona mapipa ya mafuta.

Hapana, acha niseme kweli. Mimi niliyaona. Nikajiambia, vifuniko vimekazwa. Na nikafanya na ujanja wangu: niliyeyusha mishumaa, nikaziba kila kifuniko kwa nta, juu yake nikafunga karatasi ya nailoni na kipande cha mpira wa baiskeli. Mitungi ilipendeza kama zawadi za harusi. Nikaona maji yamezibwa vizuri hata hakuna haja ya kuyabadilisha kila mwezi, na Mzee Elijah hakuwepo wa kunisumbua. Nikaacha. Kila Jumamosi niliingia, nikafungua mtungi mmoja, nikanusa, nikauziba tena kwa nta. Sikusikia kitu. Nikaandika kwenye daftari, "Sawa."

Mmeona kosa? Mlifikirie huku nikiendelea.

Mvua ile kubwa ambayo mmesikia ikiitwa El Niño ilitukuta hivyo. Ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya vumbi. Vyoo vikafurika, mtaro ukatoka mahali pake ukaingia njiani, bomba likakatika chini ya tope. Maji tuliyokinga kwenye mabati tulikunywa siku mbili, na mvua yenyewe ikakatika ghafla kama mtu aliyekuja kuharibu tu akaenda zake. Kilichobaki ni maji ya mtaro, na mtaro wetu ulitoka viwandani, ulikuwa na rangi tatu. Wadudu utawachemsha. Rangi haichemki. Na njia ya kutokea kuelekea Fedha ilikuwa na maji ya kifua.

Watu wakaanza kuharisha. Asubuhi ile Nafula akatoka kwenye zahanati ndogo ya upande wetu akiwa amembeba Nekesa. Mtoto alikuwa amenyamaza. Ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Akijaribu kulia, machozi hayatoki. Nafula akaniambia, "Muuguzi amesema hana maji ya kumtundikia, yameisha. Amesema anywe, kidogo kidogo, maji safi yenye sukari na chumvi. Akikojoa kabla ya jioni, atapona. Asipokojoa, avushwe mafuriko kwa mabega apelekwe hospitali kubwa."

"Na baba yake?"

"Alikwenda zamu juzi, maji yakamfungia ng'ambo." Akanitazama. "Mama Kageha, si kuna mitungi?"

"Iko," nikasema. Na kweli nilijivuna. Miaka yote ya mgongo kuuma ilikuwa kwa ajili ya asubuhi hiyo.

Tukaenda kwa Karanja. Watu wakajaa uani na vikombe. Nafula alikuwa na kijiko mkononi, na sukari na chumvi amezifunga kwenye vipande viwili vya gazeti. Karanja akafungua mlango wa chuma kama askari wa benki. Nikautoa mtungi wa kwanza nje, nikang'oa nta, nikamimina kikombe.

"Kunywa tukuone, Mama Kageha," akasema Mama Njoki. "Ukianguka tutakulilia vizuri, usiwe na wasiwasi."

Wakacheka. Nikapiga funda.

Haikuwa ladha kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyepita chumbani na taa ya koroboi akaondoka. Lakini niliijua. Ilikuwa mafuta ya taa.

Nilibaki na yale maji mdomoni. Sijui nilikaa muda gani, labda ni pumzi tatu, lakini niliwaza mengi. Niliona nyuso zote zinangoja uso wangu. Nikikunja uso, akiba imekufa, na jina langu nalo, na hawa watu watarudi kwenye mtaro. Nikimeza na kutabasamu, watakunywa, wengine watasema ladha ni dawa. Kisha nikaona kijiko mkononi mwa Nafula. Maji yale yangeingia kwenye tumbo la mtoto ambaye hakuwa na nguvu hata ya kutapika.

Nikayatema chini.

"Ni mafuta," nikasema. "Nimekosea mimi. Msiyanywe."

Wa kwanza kusema akawa Karanja. "Mafuta gani? Mafuta yangu hayajawahi kutoka kwenye pipa bila kulipiwa!" Akaninyang'anya kikombe, akanywa chote, akapangusa midomo. "Maji safi kabisa. Mimi sisikii chochote."

"Utasikia nini, shemeji?" akasema Mama Njoki. "Wewe pua yako ilihamia upande wa mafuta siku nyingi. Ukipewa mafuta kwenye chai utauliza kama sukari imetosha."

Nafula hakucheka. Akanisogelea akanishika mkono. "Nipe hivyo hivyo. Afadhali mafuta kuliko mtaro."

"La."

"Basi nimpe nini, Mama Kageha? Nimpe maneno?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuomba msamaha kungekuwa ni kupoteza mchana. Nikamwambia, "Mpe titi, hata kama ni kidogo. Usiache. Nipe muda mimi." Nikawageukia wengine. "Toeni mitungi yote. Thelathini. Isikae hapa, ipangwe kule juani, upepo unakotoka, mbali na mlango huu."

Sasa niwaambie kosa, kama hamjaliona. Plastiki inapumua. Wewe unaiona imeziba, lakini harufu ya mafuta inapita ndani yake polepole, mwezi kwa mwezi, hata kama kifuniko kimezibwa kwa nta ya mishumaa ya dunia nzima. Hilo la kwanza. La pili ndilo linaloniuma zaidi: kila Jumamosi nilinusa maji nikiwa nimesimama ndani ya nyumba ya mafuta. Pua iliyozama kwenye harufu haiwezi kuiona harufu. Nilikuwa kama mtu anayetafuta moshi akiwa jikoni.

Lakini harufu ya mafuta haikuwa imeingia kwenye kila mtungi kwa kiasi kimoja. Mingine ilikaa imegusana na mapipa, mingine mbali. Ningeijuaje? Nikakumbuka neno la Mzee Elijah, alilonipa siku moja akiosha pipa: "Maji baridi huficha harufu, shemeji. Yapashe moto kidogo, yatasema yenyewe."

Kupasha kwa jiko la mafuta hakuwezekani, jiko lenyewe lingenuka. Mkaa wote ulikuwa umelowa. Basi tukatumia miili yetu. Unamimina kikombe nusu, unakifunika kwa kiganja kisafi, unakikumbatia kifuani kama kifaranga, unahesabu mpaka mia mbili, kisha unafunua na kunusa mara moja. Karanja tulimkataza kugusa hata kishikio.

"Na tutanusa na pua ya nani?" akauliza Mama Njoki. "Yangu imejaa kitunguu."

Tukatazamana, kisha sote tukamtazama Priskila.

Mjue kwamba Priskila katika mimba ile hakuweza kukaa na mume wake mezani kwa sababu ya gundi ya viatu. Alikuwa akisikia mtu anakaanga vitunguu Fedha yeye akiwa kwa Njenga. Tulikuwa tumemcheka wiki nzima.

"Jamani," akasema, "mimi nikinusa mafuta ninatapika."

"Hicho ndicho tunachotaka," nikamwambia. "Ukitapika, tumejua."

Tukamweka kwenye kigoda, upepo ukimjia usoni. Mtungi wa kwanza, akageuza kichwa. Wa pili, akatapika kweli. Wa tatu, akatapika. Kati ya kila kikombe na kingine nilimpumzisha anuse nguo yake mwenyewe, nalo ni jambo la kushika, pua huchoka kama mguu. Wa tano, wa nane, wa kumi na mbili, yote mibaya. Kila mtungi mbaya niliukata alama ya msalaba kwa kisu, palepale, ili asije mtu akasema labda.

Tulipofika wa kumi na tisa, Mama Njoki alikuwa amenyamaza. Mama Njoki akinyamaza, ujue hali imeharibika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Twendeni mtaroni, huyu mama anatuchezea." Baadhi wakaanza kuondoka. Sikuwageukia. Nilisema tu, "Wa ishirini." Nikamimina. Nafula alikuwa amekaa chini ukutani, Nekesa kifuani, naye hakuwa akitutazama sisi tena. Alikuwa akitazama kope za mtoto.

Wa ishirini na tatu mbaya. Mitungi iliyobaki ilitoka nyuma kabisa, juu ya mbao zilizokuwa chini ya tundu la dirisha, ambako upepo uliingia mchana na usiku. Nikakumbatia kikombe cha wa ishirini na nne, nikahesabu, nikafunua. Priskila akanusa. Akangoja. Akanusa tena, na mimi nilijizuia nisimshike bega.

"Hamna."

"Nusa tena, mwanangu."

"Mama, nimesema hamna. Inanuka plastiki na dawa ya kufulia. Mafuta hamna."

Nikanywa mimi kwanza, kama sheria ilivyo. Niliyazungusha mdomoni, nikayashikilia, nikameza. Na Mama Njoki, bila kuambiwa, akanipokonya kikombe akanywa nusu iliyobaki. "Tukifa, tufe wawili," akasema. "Peke yako utanisengenya huko mbele."

Tulipomaliza kunusa yote, mitungi saba ilikuwa mizuri. Saba kati ya thelathini.

Lita moja ya kwanza ilikuwa ya Nekesa. Vijiko sita vya chai vya sukari, bapa, visiwe na kilima, na nusu kijiko cha chumvi, bapa vilevile. Andikeni mahali. Chumvi ikizidi unamwumiza mtoto, kwa hivyo onja: isizidi chumvi ya machozi. Nikamchukua mtoto mapajani, Nafula akanishikia kikombe. Kijiko kimoja, ngoja. Kijiko kingine, ngoja. Alitapika mara moja, Nafula akalia, nikamwambia, "Tunahesabu mpaka mia sita, kisha tunaanza tena." Tukahesabu wote wawili, kwa sauti, kama watoto wa nasari.

Wengine nao walipata kikombe kimoja kimoja, watoto na wagonjwa kwanza, Mama Njoki amesimama na mwiko mkononi mwanzoni mwa foleni. Mwanaume mmoja mzima akajaribu kupita mbele akisema yeye pia ni mgonjwa. "Mgonjwa wa nini?" "Wa kiu." "Hiyo ni njaa ya maji, si ugonjwa. Nyuma!"

Saa kumi jioni vijana walikuwa wameng'oa mlango wa choo kimoja ili uwe machela, na kamba wameifunga, tayari kumvusha mtoto. Niliwaona wakinitazama. Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa viwanda. Niliendelea na kijiko. Mkono wangu ulikufa ganzi nikahamisha kijiko mkono wa kushoto.

Kisha nikasikia joto mapajani. Kidogo tu, halingejaza kikombe cha kahawa. Leso niliyojifunga kiunoni ikalowa, na joto likashuka mpaka gotini.

"Nafula," nikasema polepole, niliogopa kusema kwa nguvu. "Nafula, amenikojolea."

"Nini?"

"Amenikojolea!"

Nikapiga vigelegele nikiwa nimekaa. Nafula akaangukia magoti akashika ile leso iliyolowa akaitia usoni. Na Mama Njoki kule kwenye foleni akapaza sauti, "Mmewahi kuona? Mwanamke amelowa mkojo na anasherehekea!" Lakini alikuwa akijifuta macho na ule mwiko.

Maji yetu yalitufikisha siku ya tatu, mafuriko yaliposhuka na gari la maji likaingia.

Mzee Elijah alirudi baadaye na kuku mmoja na kesi ambayo haikuisha. Nikamweleza yote, sikuficha. Alinisikiza hadi mwisho, kisha akasema, "Shemeji, uliweka maji kwa Karanja. Na nyama je, ungeweka kwa fisi?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Lakini uliyatema?" Nikasema, "Niliyatema." Akasema, "Basi kazi umeijua." Hakunisifu tena mpaka anakufa, na sikuhitaji.

Tangu hapo hatukuweka akiba mahali pamoja. Ile ishirini na mitatu yenye msalaba ikawa ya kufulia, maana plastiki haisahau. Tukanunua mingine, na kila mama akalaza wake chini ya kitanda chake, mbali na jiko, mbali na mafuta, mbali na sabuni. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tuliitoa nje, maji ya zamani tukafulia, tukajaza mapya. Na kunusa tulinusia nje, kwenye upepo, asubuhi kabla ya mtu kushika kitunguu. Ninyi mna chupa ndogo na mikoba mizuri yenye zipu. Sawa. Lakini nimeuona mkoba mmoja Jumapili ile, na ndani yake chupa ya maji imelala shavu kwa shavu na kibiriti, mshumaa na kichupa cha mafuta ya taa. Nendeni mkavitenganishe leo. Si kesho.

Mimi ni mzee. Majina ninayakumbuka yote, lakini hesabu hunitoroka. Yule aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na mama yake, akiona nimepotosha, anirekebishe bila aibu. Priskila yuko Kayole, mwulizeni kama mitungi mizuri ilikuwa saba au minane, maana pua ilikuwa yake. Watoto wa Karanja wakisema baba yao hakunywa kikombe kizima, nitawasikiza. Ila wewe Nekesa, unayekusanya mikoba hii ya vijana na uliyeniletea hizi karatasi za kuandikia, wewe usinirekebishe neno. Ulikuwa umefumba macho, na leso ilikuwa yangu.